Kisanduku cha Shemeji

Twiga alifunguka kwenye skrini mara moja, mzima, kuanzia kwato hadi pembe, na Rangi akajikuta anacheka peke yake katikati ya duka la watu.

"Umeona?" shemeji yake, mdogo wa mumewe, akasema. "Nilikwambia nini mimi?"

Alichomwambia ni kwamba kile kisanduku cheusi kilichokaa juu ya meza, kidogo kama kopo la biskuti, kingefanya kazi zote za Babu na nyingine ambazo Babu hajawahi kuziota. Babu ilikuwa kompyuta ya zamani ya Rangi, dude refu la chuma lililokula nusu ya meza ya sebuleni na kunguruma kama mashine ya kusaga. Kwa michoro Babu alikuwa hodari, maana Rangi alimwekea kadi nzuri ya michoro, kile kipande cha ndani kinachobeba picha nzito, tangu hajaolewa. Ila siku hizi alikuwa na tabia ya kuzima ghafla kazi ikiwa imepamba moto. Shemeji alikuja nyumbani, akamfungua, akachungulia ndani, akatikisa kichwa kama daktari aliyekosa la kuwaambia ndugu. "Huyu anakata roho," alisema. "Mimi ningekuwa wewe, shemeji, ningeanza kumsahau."

Na Rangi hakuwa na nafasi ya kubahatisha. Hospitali ilikuwa inatafuta mtu wa kuchora wanyama wa wodi ya watoto, wanyama wakubwa wa kuprintiwa kwenye stika na kubandikwa ukutani toka sakafuni hadi darini. Metroni wa wodi aliona bango la saluni alilolichora Rangi, akampigia mwenyewe. Akifaulu mbele ya kamati, kazi zote za picha za hospitali zingekuwa zake kwa mkataba, na hapo angeachana na kadi za harusi na kubishana na bibi harusi aliyebadilisha rangi kwa mara ya nne. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akiisubiri simu ile.

Kwa hiyo hakuja dukani kwa kuamini maneno. Alikuja na twiga wake kwenye flashi, faili zito kuliko yote aliyowahi kutengeneza. Shemeji aliipokea flashi na kuichomeka kwenye kipachiko cha waya, kile cha kuongezea matundu, kilichokuwa mezani, pembeni ya kisanduku. Rangi akauliza mbona asiichomeke kwenye kisanduku chenyewe.

"Matundu ya mbele tunayatunza yasilegee," shemeji alijibu bila kupepesa macho.

Rangi akamvuta twiga karibu mpaka kope zikajaa skrini. Akamgeuza. Akambadilisha madoa. Kila alichoagiza kilitii.

"Na kadi yake ya michoro?" aliuliza. "Anayo ya kwake, au anaazima memori ya kompyuta?"

"Shemeji! Unaniuliza mimi? Macho yako yamekwambia nini?"

Mumewe, ambaye alikuwa ametangulia dukani mapema ili kumwandalia mambo, alikuwa amesimama nyuma yake akimshikia mkoba. "Imetosha, Rangi," alisema kwa upole. "Umeijaribu mwenyewe. Ungetaka nini tena?"

Alitaka kitu kimoja. Meza ile ilifunikwa kitambaa cha buluu kilichoburuta sakafuni, na waya wa skrini ulipita nyuma ya kisanduku ukazama huko chini. Rangi aliutazama. Ikamjia ainame aone unaishia wapi. Lakini humpigii magoti shemeji yako dukani kwake, ukachungulia chini ya meza yake kama askari anayesaka gongo. Mama mkwe angesikia. Mume angeona haya. Akaona ni utovu wa adabu, akajizuia, akatoa akiba yake yote, na Babu akachukuliwa kama nyongeza.

"Tutamtupa kwa heshima," shemeji alitania.

*

Tuseme ukweli, kisanduku chenyewe hakikuwa kibovu. Kilikaa kwenye kona ya meza kama mgeni mwenye adabu, hakikunguruma, hakikula umeme mwingi. Mama mkwe, ambaye kitanda chake kilikuwa papo hapo sebuleni nyuma ya pazia, alikishukuru kwa moyo wote.

"Sasa hata redio nasikia," alisema. "Lile lingine lilikuwa linanikoromea kuliko marehemu baba yenu."

Siku za kwanza Rangi alitengeneza kadi za harusi, akaandika barua za watu, akasafisha picha za pasi. Kisanduku kikafanya vyote bila kununa. Ndipo akamfungua twiga.

Kwato zikaja. Miguu ikaja, polepole, kama inapanda ngazi. Tumbo likaja nusu. Kisha kila kitu kikaganda, hata mshale wa kipanya, na alipoweka kiganja juu ya kisanduku akakitoa haraka kwa joto.

Akampigia shemeji.

"Kinaganda kwa picha moja tu?" shemeji aliuliza. Nyuma yake dukani kulikuwa na watu wanaongea. "Basi hiyo picha ina kasoro."

"Ni ileile tuliyoifungua hapo dukani, shemeji."

"Sasa hapa ilifunguka, si ndiyo? Wewe mwenyewe shahidi. Basi tatizo liko huko kwako. Umeme wa hiyo nyumba, mimi nilishausema toka zamani."

Akabadilisha soketi. Akahamisha meza hadi dirishani. Akanunua feni ndogo akakipepea kisanduku mchana kutwa, yeye mwenyewe jasho likimtiririka. Mama mkwe alimtazama akifanya vituko hivyo, akamwonea huruma kwa namna yake.

"Mwanangu, pengine unakibonyeza sana. Vitu vidogo havitaki nguvu."

"Sikibonyezi kwa nguvu, mama."

"Mimi nasema tu. Shemeji yako ndiye anayevijua. Mbona dukani kilikwenda?"

Hilo ndilo lililomnyima usingizi, maana hakuwa na jibu. Aliona kwa macho yake. Basi kosa lazima liwe kwake, na mtu akishaamini hivyo hujichimba mpaka akajikuta hana pa kusimama. Akaanza kuitilia shaka mikono yake, elimu yake, hata yule twiga.

Mumewe alirudi jioni kutoka stoo ya karatasi alikokuwa mtunza stoo. Siku hizi alichelewa kidogo, akisema anapita kwa mdogo wake kumshika mkono. Alimkuta mkewe ameshika tama mbele ya tumbo la twiga.

"Mume wangu, hebu niambie. Siku ile dukani, kilikwenda au hakikwenda? Au niliota?"

Mume akavua kiatu kimoja, akakiangalia kisigino chake kwa muda mrefu kuliko kilivyostahili.

"Kilikwenda," alisema.

"Sasa nafanya nini mimi?"

"Punguza. Kwani lazima twiga awe mkubwa hivyo? Mchore mdogo, wenyewe watamkuza."

"Akikuzwa anapasuka pasuka. Anakuwa kama ametengenezwa kwa vigae."

"Watoto wagonjwa hao, Rangi. Watajua nini?"

Alisema kama utani, akaenda kuoga. Rangi akabaki na neno hilo likimkereketa, ila hakulitilia maanani. Alikuwa na kazi. Alimkata twiga vipande, akafanya miguu siku moja, tumbo siku nyingine, shingo siku nyingine, na kuviunganisha tena kwa kunyata, kama mama anayemhamisha mtoto aliyelala. Siku moja kabla ya kamati, twiga alifunguka mzima. Mara moja tu, baada ya kungoja mpaka chai ikapoa, lakini alifunguka. Mama mkwe alipiga vigelegele.

*

Kamati ilikuwa watu watatu: daktari mkuu, mhasibu, na Metroni aliyempigia simu. Walimkaribisha vizuri. Rangi alipotoa kisanduku kwenye mkoba, mhasibu alivutiwa hasa.

"Hiyo ndiyo kompyuta yote? Mimi nilidhani umetuletea chakula."

Wakacheka, na Rangi naye akacheka. Akaunganisha na skrini kubwa ya ukutani. Akaomba Mungu kimoyomoyo, akabonyeza.

Kwato. Miguu. Tumbo. Mabega. Shingo ikaanza kupanda, na Metroni akasogea mbele kwenye kiti chake, uso umemchangamka. Shingo ikafika katikati. Ikasimama.

"Anakuja," Rangi alisema. "Ni mzito kidogo."

Wakangoja. Daktari akatazama saa. Kisanduku kikaanza kutoa mlio mwembamba kama mbu.

"Huyu twiga wako," mhasibu alisema, "kichwa amekiacha nyumbani?"

Safari hii Rangi hakuweza kucheka. Akazima, akawasha, akaanza upya, na mara ya pili hata shingo haikufika. Akasema anazo picha ndogo kwenye karatasi. Daktari akamjibu, bila ubaya wowote, kwamba hawapimi uzuri wa picha peke yake, wanapima kama mtu anaweza kuifikisha kazi ukutani.

"Sisi hapa hatuwezi kumpokea mtu aje kupasua bila kisu," alisema. "Nadhani unanielewa."

Alimwelewa. Ilibidi aanze kuchomoa waya mmoja mmoja mbele yao, huku mhasibu ameshaanza kuzungumzia bei ya mashuka. Metroni alimsindikiza hadi mlangoni akamshika mkono.

"Dada, mimi niliwaahidi watoto twiga," alinong'ona. "Kuna kampuni inakuja kesho. Wachoraji wao hawakufikii wewe. Lakini mashine wanazo."

*

Saa za kazi zilikuwa zimekwisha, lakini Rangi hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa shemeji na kisanduku mkononi. Hata hapo hakuwa na hasira na mtu. Nia yake ilikuwa ni kuomba. Alishapanga maneno njiani: shemeji, naomba unibadilishie, hata kama itabidi niongeze kidogo kidogo, pengine cha kwangu kilitoka kiwandani na ugonjwa.

Kwenye mlango wa duka, chini ya kibao alichokichora yeye mwenyewe bure, akasikia sauti. Kwanza kikohozi kikavu, kisha ngurumo inayopanda taratibu. Mtu hasahau mkoromo wa aliyelala naye nyumba moja miaka yote hiyo.

Ndani, mbele ya meza yenye kitambaa cha buluu, alisimama msichana mwenye kamera shingoni. Juu ya meza kulikuwa na kisanduku cheusi, pacha wa kile alichokishika. Na kwenye skrini alikuwapo twiga. Twiga wake. Mzima, ana pembe, ana kope.

"Tazama mzigo kama huu," shemeji alikuwa akimwambia msichana. "Faili la mchoraji mkubwa kabisa, mteja wangu. Na kisanduku hiki hiki ndicho ana—" Akamwona Rangi.

"Shemeji," Rangi alisema. "Babu yuko wapi?"

"Karibu, shemeji. Ngoja kidogo, namalizana na mteja."

"Nimekuuliza Babu yuko wapi."

Safari hii hakujali adabu. Akakiweka kisanduku chini, akapiga magoti, akafunua kitambaa.

Babu alikuwa pale. Amepanguswa, anang'aa, ile stika ya alizeti aliyoibandika kuficha mkwaruzo bado iko ubavuni. Nyaya zote za mezani ziliishia mgongoni mwake, wa skrini, wa kipanya, wa kile kipachiko cha flashi. Na pembeni ya Babu kulikuwa na jozi ya viatu, kimoja kisigino kimelika upande. Ndani ya viatu hivyo alikuwamo mumewe, amechuchumaa, magoti yamegusa kidevu, mkono mmoja bado umeshika waya. Alikuwa ameingia humo kumwashia mteja mashine. Aliposikia sauti ya mkewe hakuona pa kutokea, akaamua kukaa hukohuko.

Wakatazamana, wote wawili wamejikunja chini ya meza.

"Toka," Rangi alisema.

Akatoka kwa kutambaa, suruali imejaa vumbi magotini. Msichana wa kamera akarudi nyuma hatua moja kumpisha.

"Nilikuwa namshika mkono tu ndugu yangu," mume alisema.

"Na siku yangu? Siku niliyokuja na twiga wangu, chini ya meza hii kulikuwa na nini?"

Shemeji akaingilia. "Shemeji, hayo ni mambo ya kuzungumza nyumbani, tukiwa tumekaa na mama. Hapa kuna mteja."

"Sikuulizi wewe. Wewe ni mfanyabiashara, umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, basi. Namwuliza huyu ninayempikia. Nani alichomeka waya siku yangu?"

Mume akatazama kitambaa cha buluu, akatazama mlango, mwisho ikabidi amtazame yeye.

"Mimi," alisema. "Kwenye mashine ya kuazima, kabla hujafika."

"Ukanishikia mkoba."

"Duka lilikuwa linakufa, Rangi. Mdogo wangu angefunga. Nikaona kisanduku si kibaya, kinaandika, kinafanya kila kitu... Nilidhani hutaona tofauti."

"Ukaniona nimehamisha meza. Ukaniona nakipepea kama mgonjwa."

"Sikujua itakuwa kubwa hivyo. Nilidhani..." Alitafuta neno la kumtuliza, na katika maneno yote duniani akaokota hili: "Nilidhani ni michoro tu."

Hapo ndipo ilipomwingia. Kumdanganya kwa ajili ya ndugu, labda siku moja angelimeza, damu ni damu. Lakini huyu alilala naye, alikula kwa kadi za harusi na mabango ya saluni mwezi ambao mshahara wa stoo ulichelewa, akamsifu mbele ya wageni, na muda wote huo, moyoni mwake, kazi ya mkewe ilikuwa ni kupaka paka rangi ambako kopo lolote la biskuti lingetosha. Rangi alihisi aibu kubwa kuliko ile ya hospitalini. Kule walimcheka watu wasiomjua.

"Babu alikuwa anaumwa nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Ndugu wawili wakatazamana.

"Niambieni tu. Mlisema anakata roho."

"Vumbi," mume alisema. "Feni ilijaa vumbi. Ilipulizwa tu."

Msichana wa kamera akakohoa kidogo. "Samahani dada. Mimi ni mpiga picha wa harusi, nilikuwa natoa pesa hapa. Kwa hiyo hiki kinafaa au hakifai?"

Rangi akamgeukia. Sauti yake ilikuwa tulivu, na alimjibu kwa haki, maana kisanduku hakikumkosea kitu.

"Kwa barua, kwa hesabu, kwa picha moja moja ndogo, kinafaa na hakitakusumbua. Ukikipa albamu nzima ya harusi na video juu yake kitaganda, kitachemka, na wewe utaanza kujilaumu. Hakina kadi yake ya michoro. Unachokiona hapo juu kinafanywa na hii ya chini. Na hii ya chini ni yangu, naondoka nayo."

"Hapana, shemeji," shemeji akanyanyua mikono. "Hiyo uliitoa kwa mapatano."

"Mapatano ya maiti? Si mlisema mnakwenda kumtupa? Maiti mlimtakia nini?"

Akachomoa nyaya mwenyewe, moja moja, kama alivyochomoa hospitalini. Twiga akatoweka kwenye skrini. Mume akainama kushika upande mmoja wa Babu.

"Acha," Rangi alimwambia.

Aliyeshika upande wa pili ni yule msichana, kamera ikimpigapiga kifuani, mpaka barabarani.

*

Mama mkwe alisogeza pazia alipoona mzigo unaingia.

"Huyo si alikufa?"

"Amefufuka, mama."

"Na kile kidogo?"

"Nimekirudisha kwa mwanao."

Mama mkwe alikuwa mtu mzima, alijua sauti za wanawake. Hakuuliza tena. Hata mwanawe mkubwa alipoingia nyuma, suruali bado ina vumbi magotini, alimtazama tu kuanzia miguuni hadi kichwani, akazima redio yake.

Rangi alikuwa ameshamweka Babu mahali pake pa zamani, palepale ambapo rangi ya meza ilibaki nzito kwa kutopigwa na jua. Mume akasimama mlangoni. Akasubiri kutukanwa. Angeshukuru kama angetukanwa. Alipoona hapati hata hilo, akasogea, akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya meza.

"Niachie nikuchomekee," alisema.

"Toka huko chini," Rangi alisema. "Waya nitachomeka mwenyewe."

Akatoka. Rangi akainama, akachomeka, akabonyeza. Babu akakohoa, akanguruma mpaka vikombe vya kabatini vikalia, na mama mkwe hakulalamika. Twiga akafunguka: kwato, miguu, tumbo, shingo, kichwa, pembe. Rangi akavuta kiti, akaanza kurekebisha kope ambazo hakuna mtoto yeyote wa wodi ile angeziona.

Mume alisimama nyuma yake kama alivyosimama siku ile dukani.

"Si ulipewa jibu la hospitali leo?" aliuliza hatimaye. "Wamesemaje?"

"Watapewa wengine."

"Sasa unamchora wa nini?"

Rangi hakugeuka. Akachagua rangi, akapaka kope moja, akaitazama kama imekaa sawa.

"Usijisumbue," alisema. "Ni michoro tu."